Fundo la Zaitun

Wapo waliojaliwa sauti, wapo waliojaliwa mashamba ya michikichi. Zaitun wa Ujiji alijaliwa fundo. Barafu zake za ubuyu alizifunga vifukoni kwa kushoto, mizunguko miwili, ncha ikachomekwa ndani. Uitie mfukoni ukacheze nayo ngoma, haivuji. Majirani zake wa Buzebazeba walijaribu kuliiga fundo hilo, wakaloa mpaka magotini. Anayebisha akajaribu naye, ila asivae suruali ya Ijumaa.

Zaitun mwenyewe hakuwa mchoyo wa kujisifu. "Nikifa na fundo hili," aliwaambia wanawake wanaoanika dagaa pale mwalo wa Katonga, kando ya ziwa, "dunia imekula hasara."

Hapo Katonga ndipo alipouzia, maana jua linalokausha dagaa linakausha na makoo. Barafu hizo ndizo zilizokuwa zinamsomesha binti yake, Asia. Na wateja wote walikuwa na mtindo mmoja: mtu anang'ata pembe ya chini, anafyonza, kifuko anauachia upepo. Upepo wa ziwa nao hauna adabu. Ulivibeba ukavitua kwenye vichanja vya dagaa.

Siku moja Zaitun akafika, akakuta mwalo umenuna. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam alikuwa amefungua gunia akakuta kifuko cha barafu kimekaukiana na dagaa. Akapanda gari lake, akaondoka mikono mitupu.

"Mwakeye, mama zangu," Zaitun alisalimia, akatua deli lake la barafu.

"Mwakeye yako kaa nayo," alijibu Marcelina, mkubwa wa waanikaji. "Uchafu wako umetufukuzia mteja."

"Wauza barafu tuko wengi, dada. Hata wa mtaa wa Mwanga wanafika hapa. Nani kakwambia ni changu?"

Marcelina hakubishana. Alimwonyesha uzi wa nyavu uliofungwa baina ya vichanja viwili, na vifuko vimening'inia juu yake. Vyote vimeng'atwa chini, fundo la juu halijaguswa. La kushoto, ncha ndani.

"Si ulisema dunia itakula hasara? Imeanzia kwetu. Kikionekana kimoja tena juu ya dagaa, utafute mwalo mwingine."

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Zaitun, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akabeba deli lake kabla barafu hazijaisha.

Kesho yake akarudi na neno. Akatangaza kwamba atakayemletea vifuko vitupu kiganja kizima atapewa barafu ya bure. "Ila fundo liwe langu. Takataka za Mwanga pelekeni Mwanga."

Mwalo ukafagiwa kama ua wa bibi harusi. Wajanja wengine waliokota vifuko vya wauzaji wengine, wakavifunga upya kwa kushoto. Zaitun akavitazama tu. "Hili ni fundo au tambi?"

Jumamosi Marcelina akapita kukagua. Kichanja cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Kwenye cha tatu akainama, pindo la khanga yake likafunguka, na vifuko vikamwagika juu ya dagaa.

Mwalo mzima ukageuka kutazama.

"Dada Marcelina," Zaitun alisema taratibu, "naona vimeonekana."

"Hivi si uchafu, ni akiba yangu," Marcelina alisema, akiviokota harakaharaka. "Kiganja kimejaa. Nipe ya chini kabisa, iliyoganda vizuri."

Zaitun akampa. Marcelina akang'ata pembe, akafyonza macho kayafumba, kisha akakichomeka kifuko kwenye pindo lake na kuanza kulifunga.

"Lete hapa hiyo khanga," Zaitun alimwambia. "Usije ukanifukuzisha kazi kwa fundo lako."