Ukurasa wa Kushoto na wa Kulia

Nichekeni ninyi, maana mimi nimeshindwa kujicheka. Mzungu wa mashamba ya pareto alituazima piano kwa sikukuu ya parokia yetu hapa Masisi, nami kwa kiburi nikachagua wimbo wenye kitabu kinene kuliko vyote. Padre alikuwa ameonya: kwaya ikiaibika, itarudi kwa Papa Bahati, mwalimu wa zamani.

Kila ukurasa wa kushoto ulikuwa wa sauti nzito, unanguruma kama mvua inayoshuka mlimani. Wa kulia ulikuwa wa sauti nyembamba, mwepesi kama umande. Nikapiga za kushoto zote hadi mwisho wa kitabu, kisha nikarudi mwanzo nikapiga za kulia, na kwaya ikaimba wimbo mzima mara mbili.

"Mwalimu, juu ya nini tunarudilia?" akauliza Mama Furaha, kiongozi wa sauti za wanawake. "Hii wimbo iko inatuchokesha."

"Mama, wewe ulisomea muziki wapi?"

Miezi mitatu niliwakaripia hivyo.

Siku yenyewe, mtawa mgeni kutoka Mweso alikitazama kitabu changu, akafurahi, akaketi kando yangu kwenye benchi. Nilipoanza ukurasa wa kushoto, yeye akaanza wa kulia.

"Masera, ngoja," nikanong'ona kwa hasira. "Huo bado."

"Mwalimu, hii iko ya watu wawili," akasema bila kusimamisha vidole. "Kurasa zinapigwa pamoja."

Wimbo ukawa mzuri kuliko nilivyowahi kuusikia. Tukamaliza. Nyuma yangu waimbaji arobaini wakavuta pumzi, wakauanza upya kama nilivyowafundisha, na hapakuwa tena na ukurasa wa kupiga.