Sista Aliyenenepa Kwaresima

Nimefundisha dini tangu usichana wangu, na wengi niliowaandaa kwa ubatizo sasa wana wajukuu. Nimewaeleza watu Utatu Mtakatifu wakaelewa, au wakanyamaza kwa heshima. Lakini kuwaeleza akina mama wa parokia yetu hapa Mamba kwamba India ni nchi kubwa, hilo limenishinda.

Tulipoletewa masista wawili kutoka huko, mkubwa kufundisha chekechea na mdogo kuwa mkunga wa zahanati, niliombwa kuangalia jiko lao hadi wazoee. Nilishukuru sana. Zahanati ilikuwa imekaa muda mrefu bila mkunga, na masika wajawazito walipakiwa kwenye pikipiki katika matope, wengine wakajifungulia njiani. Basi niliingia jikoni kwa moyo mkunjufu, nikamkuta huko mama mmoja ambaye zamani aliwapikia Wahindi wenye duka la vitambaa Mpanda mjini.

"Nyie niachieni mimi," alituambia. "Mhindi namjua. Chapati laini, dengu zenye sukari kidogo, viazi vya manjano. Nyama hagusi, samaki hagusi."

Matajiri wake wale asili yao ni Gujarat, na nyama kweli hawakula. Kwa hiyo akina mama wakaamini India nzima inakula hivyo.

Sista mkubwa anatoka Kerala, kusini, penye bahari na minazi. Hakukaa muda akauliza kwa adabu kama huku hakuna samaki. Tulipompatia migebuka wakavu kutoka ziwani Karema, aliwapika mwenyewe kwa ukwaju, pilipili na nazi aliyoitafuta mjini kwa shida, akala huku machozi yakimlengalenga kwa furaha. Sista mdogo alionja mara moja akasukuma sahani. Yeye anatoka Jharkhand, mbali kabisa na bahari, nchi ya misitu na mashamba ya mpunga, na mchuzi wa nazi ulimchafua tumbo. Masista hawa wawili hata lugha ya nyumbani ni tofauti. Mezani wanaongea Kiingereza.

Mdogo hakulalamika. Alifundishwa kula kinachowekwa mbele yake, naye alikula: kipande cha chapati, dengu kidogo, kisha, "Asanteni, nimeshiba." Kanzu ikaanza kumpwaya. Baada ya Noeli mkuu wao alikuja kuwatembelea, akamtazama, akaniita pembeni.

"Bibi, nitarudi baada ya Pasaka. Nikimkuta hivi, nitamhamisha. Siwezi kumzika mtoto wa watu huku."

Siku chache baadaye Sista mdogo alipita nyumbani kunipima presha. Nilikuwa nakula wali na majani ya maboga yaliyochanganywa na dagaa. Nikafunika haraka. Kwetu mgeni huchinjiwa kuku. Dagaa ni siri ya mwenye nyumba.

"Bibi, unaficha nini?"

"Chakula cha nyumbani tu. Si cha kukupa wewe."

"Mbona harufu nimeisikia tangu nje?"

Akafunua mwenyewe, akanawa, akala kwa mkono. Akaomba tena. Kwao, aliniambia, wali huliwa hivyo hivyo, na majani ambayo mama yake huyaongezea maji yaliyochemshiwa wali ili yawe mazito, pamoja na visamaki vilivyokaushwa juani. Mvua zikianza, watu huingia msituni kutafuta uyoga. Viungo si vingi: chumvi, kitunguu saumu, pilipili kidogo.

"Na dengu za sukari?" niliuliza.

"Nimeziona hapa Mamba tu, Bibi."

Jumapili baada ya Misa niliwaambia akina mama. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

"Alikuonea huruma, Bibi."

"Aliomba sahani ya pili!"

"Adabu hiyo. Masista wanafundishwa."

"Na parokia jirani wakisikia tunamlisha mgeni dagaa," akasema mwingine, "nyuso tutazificha wapi?"

Yule mpishi wa mjini akaweka mikono kiunoni. "Mimi nimekaa na Wahindi. Wewe Bibi umekaa nao wapi?"

"Hao wako ni wa sehemu nyingine. Wewe ukienda India, wakakupa ndizi kama za Bukoba asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu umetoka Tanzania, utasemaje?"

"Ndizi si mbaya," alijibu, na wote wakacheka upya.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Jioni ile hata rozari sikuimaliza. Nikaanza kupika kwangu na kupeleka sufuria. Nilipofuatilia, nikaambiwa chakula amepewa mlinzi, naye anashukuru sana.

Ikafika Jumatano ya Majivu. Tukitoka kanisani, yule mpishi akanishika mkono.

"Bibi, Sista amekubali kufunga na sisi. Sasa ndio wakati wa dagaa zako."

Maisha yangu yote nimefundisha kwamba kufunga ni kujinyima unachokipenda. Lakini nikaenda kuwasha moto.

Sista alikula dagaa na majani. Walipokuja wauza uyoga, alikula uyoga. Sista mkubwa tulimtengea samaki wake na ukwaju wake. Mashavu ya mdogo yakarudi, kanzu ikamkaa, na zahanati akawa anakaa hadi jioni bila kuegemea meza.

"Mungu ni mkubwa," akina mama waliambiana. "Anafunga na ananenepa!" Kwenye jumuiya wakamfanya mfano kwa vijana.

"Hafungi!" nilisema. "Anakula! Ndicho chakula cha kwao!"

"Bibi, usimpunguzie Sista thawabu."

Mkuu wao alirudi wiki ya Pasaka. Alimzungusha Sista mdogo kama mtoto anayepimwa sare ya shule, akacheka. "Huyu atabaki," akasema. Nilipiga magoti palepale sebuleni nikamshukuru Mungu, na nilimshukuru kweli.

Kisha nikaingia jikoni. Yule mpishi alikuwa anakanda unga, dengu zinachemka, sukari iko pembeni.

"Maskini wa Mungu, amejinyima vya kutosha," akasema. "Leo anapata chakula chake."

Nilifungua mdomo nianze tena habari za Gujarat na Jharkhand. Nikachoka kabla ya neno la kwanza. Nikanawa mikono, nikaiepua sufuria ya dengu, nikabandika ya majani.

"Sista anaendelea kufunga," nikamwambia.

Akaacha kukanda. "Hata Pasaka?"

"Hata Pasaka."

"Yule ni mtakatifu," akasema kwa sauti ya chini, akaanza kunichambulia dagaa.