Seng'enge ya Ruthanne Pagel

Verlyn Stroik hakuwa mtu wa kuona haya. Tulifanya kazi pamoja miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha karatasi, hapa kaskazini mwa Wisconsin, na muda wote huo nilimsikia akiomba radhi mara moja tu. Alimwomba mkewe, Ardis, siku aliyobomoa banda la kuku kwa trekta, na hata siku hiyo alianza kwa kusema banda lilijengwa mahali pabaya.

Mwaka aliofikisha miaka sitini na nne alipasuliwa bega. Mwezi wa nane daktari akamruhusu kuvuta upinde, lakini mkono wa kushoto, ule unaoshika upinde, ulikuwa haujarudi sawa. Akilenga, nukta ya kulengea iliyofungwa kwenye upinde ilizungukazunguka juu ya shabaha kama inzi asiyejua atue wapi. Hakumwambia mtu. Alisema tu kwamba anataka kununua kitulizi kipya, tukaenda naye Jumamosi moja, mimi na rafiki yetu Gordy Wanta, kwenye duka la pinde la Marcella Thurow.

Kitulizi ni fimbo nyembamba inayofungwa mbele ya upinde, chini kidogo ya mahali pa kushika. Mwishoni ina vizito vya chuma, na hivyo ndivyo vinavyozuia upinde usiyumbe. Ikiwa ndefu inatuliza zaidi. Ikiwa fupi haikwami kwenye matawi. Siku hizi ziko za bomba ndani ya bomba: unalegeza pete, unavuta mpaka urefu unaoutaka, unakaza.

Tulimkuta Ruthanne Pagel pale dukani ametutangulia. Alikuwa nesi mstaafu, mtu wa sauti ndogo, aliyenunua msitu unaopakana na wa Verlyn miaka miwili nyuma. Upinde alikuwa ameanza kujifunza akiwa na miaka sitini na mmoja, na kulungu alikuwa bado hajapata hata mmoja. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye stuli katikati ya duka, na mbele yake ameweka viti viwili na fagio limelazwa juu yake. Anavuta upinde, anageuka kushoto, anageuka kulia, anashusha. Anafupisha fimbo kidogo, anaanza tena.

"Dada Ruthanne," Verlyn akasema, "umekuja kununua au kufagia?"

Gordy akacheka mpaka akashika meza. Nilicheka na mimi, siwezi kukataa.

"Fagio ndilo chuma cha mbele cha ulingo wangu kule juu ya mti," Ruthanne akasema. "Nataka kujua fimbo inagonga wapi."

"Pima umesimama, kama watu."

"Siwindi nimesimama dukani, Verlyn."

Akaendelea. Kwenye inchi kumi na mbili fimbo iligonga fagio kila alipogeuka. Kwenye kumi iligonga upande mmoja. Kwenye nane ikapita, akaondoa vizito vyote akabakiza kimoja, akavuta tena na kushikilia huku midomo yake ikihesabu polepole. Kisha akamwambia Marcella, "Hii, hivi ilivyo," akaifunga kwenye upinde wake.

"Haya, nipe kama hiyo," Verlyn akamwambia Marcella. "Ila yangu ivute mpaka mwisho. Na vizito vyote."

Akaenda kwenye uchochoro wa kulengea nyuma ya duka. Yadi ishirini. Mishale mitatu ilisimama imebanana kiasi kwamba kifuniko cha kikombe cha kahawa kingeifunika yote. Gordy akapiga mluzi. Mimi niliyesimama ubavuni nikaona uso wa Verlyn, na ulikuwa uso wa mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani kimepotea.

"Vizuri," Marcella akasema. "Lakini ukipanda ulingoni uifupishe. Na wewe una chuma mbele, sivyo?"

"Marcella, nilikuwa napanda ulingo wewe ukiwa bado unanyonya."

"Najua. Lakini ulikuwa huna fimbo hiyo."

Hakuifupisha. Baadaye aliniambia kwamba alijaribu nyumbani, uani, mara moja tu. Alipoirudisha kwenye inchi nane ile nukta ikaanza kucheza tena, naye akaona ni heri aivute mpaka mwisho kuliko kukubali kwamba mkono umechakaa.

Wiki ya tatu ya Oktoba alipanda ulingoni kabla ya jua kutoka. Kiasi cha saa mbili asubuhi kulungu jike alitokea kushoto, akitembea polepole kati ya mialoni, akila. Verlyn akavuta upinde, akageuka kumfuata, na ncha ya fimbo ikagonga chuma cha ulingo. Sauti yake, alisema, ilikuwa kama kijiko kwenye mfuniko wa sufuria. Jike akaruka hatua mbili, akasimama, akageuza ubavu kutazama juu. Pale Verlyn alipaswa kushusha upinde. Badala yake aliuinua juu ya chuma kwa haraka, mkono wenyewe ule mbovu, akaachia mshale.

Alijua hapohapo. Mshale uliingia nyuma mno, tumboni, na ukabaki humo. Jike akaondoka mgongo umejikunja, akaelekea kijitoni.

Kwa mnyama aliyepigwa hivyo, kila mwindaji wa huku anajua la kufanya. Unamwacha alale, usimfukuze, halafu baada ya saa nyingi unamfuata mpaka umpate, hata ikikuchukua siku mbili. Verlyn alishuka, akakaa chini ya mti mpaka saa saba mchana bila kula mkate aliofungiwa na Ardis. Mpaka hapo alifanya yanayopasa. Kisha akafuata damu, tone hapa, tone kule, mpaka kwenye seng'enge inayotenganisha msitu wake na wa Ruthanne. Kwenye miiba ya waya palikuwa na shungi la manyoya ya kahawia. Upande wa pili, juu ya jani, tone jeusi.

Na Ruthanne alikuwa pale pale. Hatua arobaini hivi, nyuma ya nyumba yake, amempa mgongo, anakusanya majani kwa reki. Kuvuka bila ruhusa ya mwenye ardhi haifai. Lakini ruhusa ilikuwa ni kuita jina lake tu.

Verlyn alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Aliniambia hakumfikiria kulungu hata kidogo. Alifikiria lile fagio. Aliona kama anamsikia Ruthanne akimuuliza fimbo ilikuwa na urefu gani, na hata kama asingeuliza, angejua. Basi akanyoosha mkono, akalichomoa lile shungi la manyoya kwenye waya, akalitia mfukoni, akarudi nyumbani.

Ardis alimuuliza kama amepata. Akamjibu hakuona kitu. Sisi akatuambia alimkosa mmoja, mshale ukapita juu. Gordy akamwambia azeeke taratibu. Tukanywa kahawa.

Siku mbili baadaye nilikuwa kwake nikimsaidia kufunga jembe la theluji kwenye trekta. Gari la Ruthanne likaingia uani. Akashuka na kitu kirefu kilichozungushiwa gazeti, akakifungua juu ya kifuniko cha injini ya trekta. Ulikuwa mshale, umevunjika nusu, manyoya yake ya mkiani mawili meupe na moja la rangi ya chungwa.

"Verlyn, huu ni wako?"

Verlyn aliutazama bila kuugusa. "Mishale ya rangi hii iko mingi," akasema.

Ardis alikuwa ametoka mlangoni na taulo la jikoni mkononi. Akasogea, akauinua ule mshale karibu na macho.

"Verlyn," akasema taratibu, "manyoya haya nimeyabandika mimi. Kwenye meza ya jikoni. Hili la chungwa nililipachika limepinda kidogo, ukasema haidhuru."

Wekundu ulimwanzia Verlyn shingoni, ukapanda mpaka masikioni, naye hakupata pa kuweka mikono yake.

"Nilimkuta jana asubuhi kando ya kijito," Ruthanne akasema. "Alikuwa bado hai. Alijaribu kusimama aliponiona, akashindwa. Nilirudi nyumbani kuchukua upinde nikammaliza." Akakunja lile gazeti. "Ndiye kulungu wangu wa kwanza. Nyama haikufaa."

"Niliona damu imevuka," Verlyn akasema. "Juzi. Ulikuwa unakusanya majani."

"Ulikuwa pale?"

"Kwenye waya."

Ruthanne akamtazama, na nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko kulungu. "Ungeniita," akasema. "Ningetupa reki tukaenda wote. Mchana ule ule tungempata."

Akapanda gari akaondoka. Mshale akauacha pale juu ya trekta. Ardis akaingia ndani, na jembe la theluji mimi nikalimalizia peke yangu, kwa sababu Verlyn alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na hakuinuka.

Jioni ile alimpigia simu askari wa wanyamapori, akajishtaki mwenyewe. Askari akaja kesho yake, akaandika maelezo, akamwambia yule jike anahesabika kwenye kibali chake cha kuwinda, basi kwa mwaka huo kibali cha jike kimekwisha. Verlyn akampa na cha dume. Askari akasema halazimiki. Verlyn akakiacha mezani hata hivyo.

Jumamosi akaja dukani, akasimama katikati ya watu wanane akaeleza yote: fimbo, chuma, waya, hata yale manyoya aliyotia mfukoni, ambayo mimi nilikuwa sijayasikia. Gordy alianza mzaha kuhusu vizito. Marcella akamwambia, "Nyamaza, Gordy," naye akanyamaza. Verlyn akalegeza pete, akairudisha fimbo mpaka inchi nane mbele yetu, akaenda kulenga. Mishale ilitawanyika vibaya, mmoja ukagonga mbao za pembeni. Sote tuliuona mkono ulivyokuwa. Hakutoa sababu yoyote.

Kwa Ruthanne alikwenda kwa miguu. Alimkuta anapasua kuni. Alimwomba radhi, akamwomba amwonyeshe mahali penyewe. Ruthanne akampeleka mpaka kijitoni, akamwonyesha majani yalivyolaliwa, na mahali pengine pawili ambapo jike alilala kwanza akashindwa kutulia akahama. Alimsimulia moja baada ya jingine, bila kupaza sauti, kama nesi anavyomweleza ndugu wa mgonjwa. Hakumwambia amesamehe, wala Verlyn hakuuliza.

"Nilidhani ukishasema inakwisha," aliniambia njiani siku moja, theluji ikiwa imeanza.

"Haikwisha?"

"Hapana."

Mwaka uliofuata hakununua kibali. Bega lilipona, Marcella mwenyewe alimwambia alete upinde ampimie upya, naye Verlyn akasema ataona. Jumapili, kanisani, Ruthanne hukaa safu ya tatu, mbele ya Verlyn na Ardis. Wakati wa kupeana mikono hugeuka akawasalimia wote wawili, kwa majina. Ardis humwitikia kwa niaba yao. Verlyn hutoa mkono, unashikwa, unaachwa, na macho yake yanakuwa chini kwenye viatu.