Pikipiki ya Sebuleni kwa Mikayi

Nilipoolewa Migori nilikuta pikipiki sebuleni kwa mke mwenzangu. Haikuwa na taa, haikuwa na madigadi, na gurudumu lake la nyuma lilikuwa pana kama la gari. Ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, sawa na makochi. Sisi Wajaluo mke wa kwanza tunamwita mikayi, na nyumba yake ndiyo inayotazama lango. Mimi wa pili nilijengewa pembeni. Hilo nililijua kabla sijatoka kwetu Lambwe na sikulilalamikia. Lililoniuma ni ile pikipiki.

Mume wetu alikuwa fundi, na gereji yake ilikuwa kando ya barabara ya Isebania. Kwangu alikuja, akala, akalala. Lakini kila Jumapili mchana alikwenda kwa Mikayi, akavua kile kitambaa, akapangusa chuma baada ya chuma, naye Mikayi akikaa kando akichambua mboga. Hawakuongea. Mtu akiuliza, mume wetu alijibu kwamba miaka ya sabini ilishindana Homa Bay, kwenye uwanja wa ndege wa murram, ule udongo mwekundu wenye changarawe: pikipiki mbili zinasimama bega kwa bega, bendera inashushwa, zinanyoosha moja kwa moja, na kabla hujakohoa mshindi amejulikana. Hakuongeza neno. Nami nikajijazia mwenyewe: alishinda, na ushindi wake akauweka kwa mwenzangu. Kwangu hakuweka hata spana.

Niliona wivu, na sitautafutia jina lingine. Nikitoka sokoni kuuza omena, dagaa wa ziwani, nilipitia mlangoni pake ili tu nione kama bado ipo.

Katikati ya miaka ya tisini nikasikia sokoni habari za mzee mmoja wa Kihindi, wa Kisumu, aliyekadiria bei za pikipiki kuukuu na kuzinunua. Nikampelekea ujumbe. Mume wetu nilimwambia sebule ya Mikayi ni ndogo, watoto wanakua, na chuma kisichotembea ni cha nini. Nilitaka itoke. Hata yule mzee angetupatia sufuria tu badala yake, ningeshukuru.

Mzee alikuja na tochi, akalala sakafuni na shati lake safi. Alilinganisha namba iliyogongwa kwenye injini na ile ya fremu, zikaenda pamoja, akatabasamu. Kisha akafika kwenye vikanyagio, uso ukakunjamana. Vilikuwa vimekatwa na kuchomelewa upya karibu na kiti. Kiti kilisogezwa mbele. Usukani ulifupishwa. Akasema mikono ya watu imeiharibu, akataja bei ambayo ingenunua mbuzi wawili. Moyo wangu ukatulia kabisa.

Halafu akamwomba mume wetu aikalie. Mume wetu ni mrefu. Magoti yalimfika kwenye viwiko. Yule mzee akamzunguka, akimpima kwa macho.

“Wewe hukuendesha hii,” akasema. “Imetengenezewa mtu mwingine. Nani?”

Mume wetu akaangalia mlango wa jikoni. Mikayi akatoka akifuta mikono, akakaza leso kiunoni, akapanda. Miguu yake ilienda mahali pake bila kutafuta. Kifua kikalala juu ya tangi, mikono ikashika. Mama wa watoto sita, shemasi kanisani.

“Huyu alikuwa mzito sana,” akasema, akimwonyesha mume wetu kwa kidevu. “Akikalia, hii kitu inachelewa. Basi ni mimi nilikuwa naendesha.”

Nikaelewa vile vyuma vilivyokatwa. Mwanamume huyu alikuwa amechomelea chuma kwa kipimo cha mwili wa Mikayi. Mimi hata gauni la harusi alininunulia kwa kukisia.

Mzee akakaa kwenye kochi. Alikuwako Homa Bay siku hizo, alisema, kijana, akala vumbi la dereva mmoja mfupi ambaye hakuvua helmeti hata kunywa soda. Akaanza kumhoji Mikayi, kwa sababu bei ya pikipiki ya mbio, alitueleza, nusu ni chuma na nusu ni aliyeikalia, na lazima ahakikishe. Mikayi akaeleza jinsi murram inavyotelezesha gurudumu, jinsi alivyorudi nyuma kwenye kiti bendera ikishuka, jinsi alivyoachia klachi polepole kama anayelaza mtoto. Baba mkwe hakujua. Mbio zilikuwa Jumapili, kwa hiyo Sabato yetu ya Jumamosi haikuguswa, lakini mke wa boma lile kuvaa suruali kungeitisha kikao cha ukoo. Wote wawili walifunga midomo mpaka ikawa mazoea.

Bei mpya ilikuwa ya ng'ombe, si ya mbuzi. Mume wetu akasema si yake, aulizwe mwenyewe. Nilijua atakataa.

“Chukua tu,” Mikayi akasema. “Ni huyu alishindwa kuitupa. Mimi nilikimbia nikatosheka.”

Ikapakiwa kwenye pikapu. Nilisimama langoni mpaka ikakata kona. Nilichokitaka miaka yote nilikuwa nimekipata, tena kwa bei nzuri.

Jioni hiyo mume wetu alikula kwa Mikayi. Siri ilikuwa imetoka, hapakuwa tena na sababu ya kunyamaza. Niliwasikia kutoka jikoni kwangu: yeye akiiga mlio wa injini, Mikayi akimkosoa kwamba gia ya pili iliingia mapema kuliko hapo, wote wakicheka mpaka wakakohoa. Kesho yake ikawa vilevile, na Jumapili watoto wangu nao wakaenda kusikiliza. Kabla ya hapo walikuwa watu wawili walionyamaza kando ya chuma. Na aliyemwita mzee wa Kisumu ni mimi.