Majivu Kwenye Mizabibu

Baba mkwe alinipa kipande cha shamba nyuma ya boma, hapa karibu na Tawa, nijaribu zabibu. Neno lenyewe lililetwa na mama mkwe: misimu miwili, nikishindwa shamba liende kwa shemeji yangu, ndugu wa mume wangu. Baba mkwe mwenyewe hangeniambia. Kwetu Wakamba kuna nthoni, heshima inayomzuia mkaza mwana na baba mkwe kukaribiana, na mzee huyu aliishika kwelikweli. Nikitokea huku, yeye anapotelea kule.

Katika boma lile nilikuwa naomba kila kitu, hata chumvi. Kipande kile nilikitaka kama mtu anayetaka hewa.

Msimu wa pili vichala vilishika vizuri. Kwa kuogopa wadudu niliinyunyizia mizabibu majivu ya jikoni, kama tunavyofanyia sukuma wiki. Majani yakabaki meupe. Nikajilaumu kwa kuzidisha majivu, nikachukua kitambaa kibichi na kupangusa jani moja moja, mzabibu baada ya mzabibu, kitambaa kile kile. Mpumbavu mwenye bidii. Asubuhi weupe ulikuwa umerudi, na mimi narudi na kitambaa.

Baba mkwe alikuwa akisimama mbali na ng'ombe wake, ananitazama, anakohoa, anaenda. Nilidhani anangoja nishindwe, nikamchukia.

Zabibu zilipoanza kupasuka zikiwa bado kijani, alikuja hadi kwenye ua. Nikainamisha kichwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema nami ana kwa ana.

"Hayo si majivu, mama. Ni ubwiri, ugonjwa wa ukungu. Ulimaliza maua ya maembe yangu. Mbona ulikataa kununua dawa?"

"Sikukataa, baba. Hakuna mtu aliniambia."

"Nilikutumia neno tangu majani ya kwanza kugeuka meupe."

Mama mkwe alikuwa Zombe wakati huo, kwa binti yake aliyejifungua. Aliyebaki wa kutumwa ni shemeji, ambaye kila asubuhi alinisalimia vizuri na kuniuliza nimeamkaje.

Mzee alielewa, nilimwona akielewa. Alishika mti wa ua kwa muda. Kisha akasema misimu miwili ni misimu miwili, akafuata ng'ombe wake.

Shemeji aling'oa mizabibu, akapanda mahindi. Yamefika kiunoni sasa, na anayeyapalilia ni mimi.