Taa za Chini ya Kabati na Kikwembe cha Papa Floribert

Hapa Bukavu, ukitaka fundi wa umeme utapata wengi. Ukitaka fundi wa umeme na kujisifu pamoja, iko mmoja tu: Papa Floribert. Huyu mtu akifunga balbu moja, anazungumza kama vile amelishusha jua kwa ndege pale uwanjani Kavumu.

Mwezi uliopita Maman Eulalie alimwita aweke prise mbili za kuchomekea simu na taa ndefu chini ya kabati za jikoni, zile za kumulika pale unapokatia vitunguu. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kula kwake saa moja jioni, na alitaka wazione zikiwaka.

"Papa Floribert, zitawaka kweli? Ao niite Grégoire?"

Grégoire! Fundi wa avenue ya pili, mtaa wa jirani! Floribert alishuka ngazi kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Maman, sikia. Zikikataa kuwaka, nitavaa kikwembe yako, hicho kitenge cha kiunoni, na nitapikia wageni wote bugali. Mbele yao!"

Sasa, nyumba ya Maman Eulalie iko kwenye kona, na inaingiza nyaya mbili: mmoja wa avenue ya juu, mmoja wa avenue ya chini. Umeme wenyewe unakuja kwa zamu: wa juu wakipata, wa chini wanakaa giza. Nyumba nzima inatumia ule wa juu. Ule wa chini uliwekwa na marehemu mume wake, ukasahaulika nyuma ya kabati. Nyaya zote mbili zilikuwa nyeusi kwa moshi wa makala ya kupikia, na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika kote, hakuna cha kupima. Floribert aliziangalia, akakuna kichwa, akachagua mmoja wa kufungia taa na prise, kama mtu anayechagua kuku sokoni.

Saa moja na nusu, akina mama kumi na wawili wamejaa jikoni, avenue yote ikalia: "Wooooh! Courant imerudi!" Televisheni ikaanza kuimba sebuleni. Floribert akanyoosha mkono kama padri anayebariki, akabonyeza swichi.

Wapi! Hazikuwaka. Akabonyeza tena. Akagonga kabati. Akapuliza.

"Papa," akauliza Maman Micheline, jirani mwenye kinywa, "zinalala ao zimekufa?"

Maman Eulalie aliingia chumbani, akarudi na kikwembe cha maua makubwa ya njano.

Mwingine angekimbia, lakini mlango ulikuwa umejaa akina mama. Wakamfunga kikwembe kiunoni, wakampa mwiko. Bugali ikamshinda nguvu, jasho likamtiririka.

"Geuka na huku tukuone, bibi harusi!" wakaita akina mama.

Mbaya zaidi, Grégoire alisikia kelele, akachungulia dirishani, meno yote nje. "Maman, kesho nitakuja kutengeneza."

Papo hapo avenue ikalia: "Aaaah!" Wa juu wamekatiwa, zamu imehamia kwa wa chini. Televisheni ikanyamaza. Na chini ya kabati, paa! Taa zikawaka nyeupe, zikamulika Floribert na maua yake ya njano, mwiko hewani.

"Maman," akasema kwa sauti ndogo, "nilikosea waya. Nibadirishe sasa hivi."

"Ubadirishe nini? Toa mikono! Avenue yote iko giza, kwangu kunawaka. Acha hivyo hivyo!"

Prise zote mbili zikajaa simu za akina mama. Grégoire naye akapitisha ya kwake dirishani, polepole, meno yamerudi ndani.

"Papa Floribert," akasema Maman Micheline, "kesho uje kwangu pia. Na hiyo kikwembe usiisahau."

Floribert akakohoa, akakaza fundo kiunoni.

"Mlifikiri nini? Hii kazi niliipanga hivi toka asubuhi."

Akarudi kusonga bugali.