Nakala Kumi na Mbili

Fadumo hakuacha kamwe kuisingizia miwani. Ukimpa karatasi yoyote, ya hospitali au ya shule, aliinyoosha mbali na uso, akakunja kipaji, akasema, "Ah, miwani nimewacha kwa nyumba." Kisha akamkabidhi bintiye, Hamdi. Namba ya basi, lakini, aliiona tangu kona ya mbali.

Alikuwa Msomali wa Garissa, fundi cherehani ughaibuni, mtaa wa Ladypool Road, na vipimo vya wateja wote aliviweka kichwani. Thuwaiba, mwalimu wa Kizanzibari aliyewasaidia vijana kila Jumamosi kuandika insha za maombi ya chuo kikuu, alishonewa naye kwa miaka tisa. Alijua Fadumo hajui kusoma. Hakuwahi kulitamka, jambo kama hilo mtu humsitiri mwenzake.

"Mwalimu, umenona," Fadumo alimwambia siku moja akimpima. "Hii nazi mnatia kwa kila kitu itakumaliza."

"Pima tu, Mama Hamdi. Maneno yako nishayazoea."

Fadumo akatoa pini mdomoni. "Ile darasa yako ya wamama, ya Jumanne. Nitakuja. Ramadhani ikiisha."

Humo wengine walikuja kwa Kiingereza, wengine kujifunza kusoma, na hakuna aliyeulizwa. Thuwaiba alikuwa amemwomba aje kwa miaka minne. Aliogopa hata kufurahi.

Wiki hiyohiyo Hamdi alileta insha yake ya kuomba uuguzi. Ilikuwa kavu.

"Hii angeweza kuiandika yeyote," Thuwaiba alimwambia. "Chako wewe kiko wapi?"

Msichana akasimulia kwa Kiingereza, macho chini. Tangu ana miaka saba yeye ndiye aliyemsomea mama barua zake. Akiwa na kumi na mmoja ilikuja barua ya hospitali, ya uvimbe kwenye titi la mama. Aliielewa yote, akakosa namna ya kumwambia.

"Usimwambie Mama," alisema.

"Simwambii."

Wakaiandika upya, sentensi kwa sentensi. Thuwaiba hakuwahi kushika insha nzuri kama ile, na uzuri huo ndio uliomponza. Jumamosi iliyofuata alifuta jina la Hamdi, akachapa nakala kumi na mbili, akawagawia vijana wengine iwe mfano. Alijiambia ni kwa faida yao. Ukweli ni kwamba alitaka pia waone kazi yake. Na jina alilifuta, lakini cherehani aliiacha, na Ladypool Road aliiacha.

Kijana mmoja akamsomea insha hiyo mama yake, Mwanamkasi. Siku ya pili mama huyo akaingia kwa Fadumo, duka limejaa, akamkumbatia kwa huruma ya kweli: "Pole, shoga yangu! Kumbe hata barua mtoto ndiye anayekusomea!"

Hamdi alipata nafasi ya chuo. Ramadhani ikaisha. Jumanne mbili Thuwaiba aliweka kiti kimoja zaidi darasani, na mara zote mbili alikirudisha mwenyewe. Ya tatu ilipopita alikwenda dukani, akamkuta Fadumo akifungasha vitambaa. Alikuwa anahamia mji wa Leicester kwa dada yake. Hawakuonana tena baada ya siku ile.

"Nimekuvunjia sitara," Thuwaiba alisema. "Nisamehe."

Fadumo aliendelea kukunja kitambaa mpaka kikaisha.

"Nimekusamehe kitambo. Ungeniuliza, ningekwambia andika, msaidie mtoto. Lakini sasa nikiingia kwa hiyo darasa yako, mwalimu, kila mtu anajua nimekuja kufanya nini."